Jiwe si Nanga, na Kamba Fupi si Akiba

Shuka ufukweni asubuhi maji yakiwa yametoka, iwe Tanga, Mkokotoni, Kilwa au Shimoni, vyombo vikiwa vimelala ubavu, na utazame kilichowekwa omoni mwa kila kimoja. Utakuta nanga ya nondo yenye makucha manne iliyochomelewa na fundi wa mtaani, au jiwe lililofungwa kamba, au kiroba cha mchanga, au kipande cha injini kuukuu. Utakuta kamba ya plastiki ya kijani au ya bluu iliyokakamaa kwa jua, yenye mafundo matatu au manne pale ilipokatika ikaungwa. Mnyororo hutauona. Ukiipima kamba hiyo kwa mikono, mara nyingi itakwisha kabla hujafika pima 15.

Hali hii ina itikadi nyuma yake, na nitaieleza kama wenyewe wanavyoieleza. Nanga ni uzito: ikiwa nzito vya kutosha chombo hakiendi popote. Mnyororo ni wa meli. Chombo cha mita 7 hakiuhitaji. Kamba ndefu ni usumbufu, kwani inachosha kuivuta, inakuondoa juu ya samaki, na bandarini inagonganisha vyombo. Wazee walitumia jiwe na kamba ya kumbi wakavuka bahari. Mwamba unashika kuliko mchanga. Na mambo yakiharibika, siku hizi kuna mashine, na juu ya mashine kuna Mungu.

Wanaosema hivi si wajinga. Ni manahodha wanaojua kupita mlango wa mwamba usiku bila taa, na ninawaheshimu. Heshima hiyo ndiyo inayonifanya niandike, kwa sababu maneno yao yanasikilizwa na vijana, na katika jambo hili wamekosea.

Kwanza: kwamba nanga ni uzito

Chukua jiwe la kilo 30. Nchi kavu linamtoa kijana jasho. Litie baharini, na maji yatabeba kilo 12 hivi za uzito huo. Litabaki na takriban kilo 18. Zege hupoteza zaidi ya hapo. Chuma cha kilo 30 kikizama hupoteza karibu kilo 4 tu. Kwa hiyo hata yule anayeamini uzito peke yake amechagua vibaya: zaidi ya theluthi ya mzigo aliobeba unapotea pale jiwe linapozama.

Lakini tuache uzito, kwa kuwa kinachoshikilia chombo ni pembe ya mvuto. Makucha ya nanga yameumbwa yachimbe pale shina lake linapovutwa kwa kulala, karibu sambamba na sakafu ya bahari. Likivutwa kwenda juu, yanachomoka. Kila nahodha analijua hili kwa mikono yake. Asubuhi anapotaka kuondoka, husogeza chombo mbele mpaka kamba isimame wima, kisha anavuta, na nanga inatoka. Huko ndiko kung'oa nanga. Sasa mtu huyohuyo jioni anatia nanga kwa kamba fupi iliyokaribia kusimama, kisha analala. Amefanya nusu ya kazi ya kuing'oa kabla upepo haujaanza.

Tuhesabu. Chombo kimetia nanga penye maji ya mita 6 wakati yamekupwa, na omo iko mita 1 juu ya maji. Kamba ni pima 10, yaani mita 18 na kidogo. Kamba hiyo inapanda kutoka chini kwa nyuzi 22 hivi, ambayo tayari ni mbaya. Kisha maji yanajaa. Wakati wa bamvua, maji ya pwani yetu hupanda karibu mita 4. Sasa kutoka omo hadi chini ni mita 11, na kamba ileile inapanda kwa nyuzi 37. Katika pembe hiyo, kila kilo 100 ambazo chombo kinavuta, kilo 60 zinainyanyua nanga. Lile jiwe lenye kilo 18 majini linaachana na sakafu ya bahari kwa mvuto wa kilo 30, na litakuwa limeanza kuburuta kitambo kabla ya hapo. Kilo 30 ni nguvu ya wavulana wawili wanaocheza kuvutana kamba. Upepo wa kusi ukipiga ubavu wa chombo hauulizi ruhusa kufikia hapo. Na kumbuka kwamba kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake juu ya chombo inaongezeka mara nne.

Mahali hapohapo, kamba ya pima 30 ingelala kwa nyuzi zisizofika 12 hata maji yakiwa yamejaa pomoni.

Mara ngapi tumesikia kwamba chombo kilitiwa nanga magharibi kikatulia, kisha usiku wa manane kikaburura? Watu husema upepo uligeuka. Wengine hutaja mashetani. Aghalabu upepo ulikuwa uleule. Maji yalijaa, na hakuna aliyeamka kuongeza kamba, kwa sababu kamba ya kuongeza haikuwepo.

Mwaka 1933 Geoffrey Ingram Taylor, mwanafizikia Mwingereza aliyependa kusafiri kwa mashua ya tanga, alibuni nanga yenye umbo la plau ili apate kitu chepesi kinachoshika kuliko nanga nzito za zamani. Miaka michache baadaye Mmarekani Richard Danforth alitengeneza nanga ya mabapa mawili mapana, ambayo ilifungwa kwenye boti za kuteremshia askari katika Vita vya Pili vya Dunia. Nanga zote mbili zilipunguza uzito na kuongeza uchimbaji. Mkulima yeyote wa Muheza angewaelewa mara moja: jembe linaingia ardhini kwa makali yake na kwa namna linavyoshikwa.

Pili: kwamba mnyororo ni wa meli

«Mnyororo ni wa meli, bwana mdogo.» Niliambiwa maneno hayo na tajiri wa chombo nilichokuwa nikifanyia kazi ujanani, mbele ya mabaharia wenzangu sita, nilipothubutu kuuomba. Nitarudi kwake.

Mita 7 za mnyororo wa milimita 8 zina uzito wa kilo 10 hivi, kama theluthi ya lile jiwe. Zikae kati ya nanga na kamba, na mambo yote niliyoyasema juu ya pembe yanabadilika. Uzito wake unalaza shina la nanga mchangani, hivyo makucha yanavutwa kwa kulala. Wimbi likikiinua chombo ghafla, mnyororo unanyanyuka kidogo kidogo na kumeza ule mshtuko kabla haujafika kwenye makucha. Na pale chini penye mawe, makombe na matumbawe, kinachosuguliwa usiku kucha ni chuma.

Simwambii mtu kwamba mnyororo mfupi unafanya miujiza. Upepo ukiwa mkali hasa, unanyooka wote, na hapo linalobaki ni urefu na unyumbufu wa kamba. Lakini hilo ni hoja ya kuwa na mnyororo pamoja na kamba nzuri, wala si hoja ya kukosa vyote viwili.

Kuhusu kamba, kuna mkanganyiko wa majina unaotugharimu. Madukani na bandarini kila kamba ya kiwandani huitwa nailoni. Ile ya bluu au kijani, kavu na yenye kukwaruza, kwa kawaida ni aina ya plastiki inayoelea. Haivutiki sana, jua linaila mpaka inatoa unga mkononi, na maji yakisimama inaelea juu ikingoja mashine ya jirani iipitie na kujizungushia. Nailoni yenyewe inazama, ni laini, na ikivutwa inarefuka zaidi ya asilimia 10 bila kudhurika kisha inarudi. Kurefuka huko ndiko kunakoiokoa nanga wimbi linapopiga. Anayenunua ya kwanza akidhani kanunua ya pili amelala na kamba isiyojua kunyumbuka.

Na mafundo yale matatu manne? Fundo linaiondolea kamba theluthi ya nguvu zake, na mara nyingine zaidi. Kitanzi cha kusuka, chenye kikuku cha chuma ndani yake pale kinapokutana na mnyororo, kinaiondolea kidogo sana. Wazee wanaojua kusuka kitanzi bado wapo katika kila bandari. Pingu inayounganisha mnyororo na nanga nayo ifungwe waya kwenye msumari wake, kwa maana ukilegea chini ya maji hakuna atakayeuona.

Tatu: kwamba kamba ndefu ni usumbufu

Hapa wapinzani wangu wana hoja za kweli, na sitazipita juu juu.

Mvuvi wa mshipi anasema: nimetafuta kichwa cha mwamba kwa saa nzima, nimekipata, chewa wapo, nikitoa kamba mita 80 nitajikuta mbali nao. Ni kweli, kama atatia nanga juu ya samaki. Penye maji ya mita 20, kamba ya mita 80 inakiweka chombo takriban mita 77 kutoka nanga ilipo. Basi nanga itiwe mita 77 kabla ya mahali pa kuvulia, upande mkondo unakotoka, kisha kamba ilegezwe mpaka chombo kifike juu ya samaki. Nimewaona manahodha wa Pemba wakifanya hivyo kwa kukadiria tu kwa macho, na wakikosea hurekebisha kwa kuvuta au kulegeza pima chache. Mwenye kamba fupi hana cha kulegeza. Akikosea, sharti ang'oe nanga na kuanza upya, na hizo kelele za chuma mwambani zinawafukuza samaki aliokuwa akiogopa kuwaacha.

Hoja ya bandarini ni ngumu zaidi. Vyombo vimebanana, mmoja akitoa pima 30 na mwenzake pima 8, maji yakigeuka watagongana. Lakini aliyesababisha ajali hapo ni nani? Tumezoea kumlaumu mwenye kamba ndefu, kana kwamba ufupi ndiyo sheria ya bandari. Kanuni ingekuwa kila chombo kitoe kamba kwa kipimo kimoja, vyombo vingezunguka pamoja kama majani kwenye upepo mmoja. Nafasi ikikosekana kabisa, mnyororo zaidi unaruhusu kamba pungufu, na nanga ya pili inapunguza mzunguko. Kamati za wavuvi ufukweni zinaweza pia kuchangisha boya la kudumu, lenye uzito mkubwa na mnyororo mnene chini yake. Kulala kwa kamba fupi kunahamisha tu ajali: badala ya vyombo viwili kukwaruzana mchana, kimoja kinachomoka usiku na kuwasomba waliolala nyuma yake.

Kuhusu uchovu wa kuvuta, sitatumia maneno mengi. Kuvuta pima 30 ni kazi. Kuogelea ni kazi pia.

Nne: kwamba wazee walitumia jiwe

Walitumia, na wakafika Uajemi na Bara Hindi. Lakini tazama jiwe lenyewe. Mawe ya nanga ya mabaharia wa Bahari ya Hindi, yale yaliyookotwa pwani za India na Uajemi, yamechongwa marefu kama nguzo, yana tundu la kamba juu, na chini yana matundu ya mraba yaliyopenyezwa miti. Miti hiyo ilikuwa makucha. Karne nyingi kabla ya Taylor, wazee walijua kwamba jiwe tupu halishiki, wakalipa meno. Anayefunga jiwe la ufukweni kwa kamba na kusema anafuata mila ameichukua nusu ya mila na kuitupa ile nusu yenye akili.

Kamba ya kumbi nayo inanyumbuka kuliko kamba hii ya plastiki, na amari ya jahazi ilikuwa nene na ndefu. Zaidi ya hayo, mzee hakuitegemea nanga kama tunavyoitegemea sisi. Alisafiri kwa msimu, aliingia hori penye kivuli cha upepo, na alipoweza alikipweza chombo mchangani maji yakamwacha hapo. Alikuwa na bildi ya kupima kina na aliitumia. Ni wangapi kati yetu wana bildi chomboni leo?

Tano: kwamba mwamba unashika kuliko mchanga

Unashika mpaka unapokataa kuachia, na hapo mvuvi hukata kamba na kurudi nyumbani bila nanga. Au unaachia kwa sababu kipande cha tumbawe kilichonaswa kimevunjika, na chombo kinaondoka ghafla. Au kamba isiyo na mnyororo inasuguliwa kwenye ukingo wake hadi alfajiri. Yote matatu hutokea, na bado tunasema mwamba unashika.

Nje ya ukingo huo kuna hatari ambayo wa Tanga na Pemba wanaijua. Sakafu inaporomoka kwenye mkondo wa Pemba hadi kina ambacho hakuna kamba ya mvuvi inayofika. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, na wakati wa kusi unaweza kufikia noti 4. Chombo kilichoachia mwamba saa sita usiku, kikabebwa kwa noti 3 tu, alfajiri saa kumi na mbili kiko kilomita 33 kutoka pale watu wake walipolala. Nanga inayoning'inia katikati ya maji haina kazi.

Halafu kuna mwamba wenyewe. Tumepiga kelele kwa miaka dhidi ya wavuvi wa baruti, na tulikuwa na haki. Lakini tumbawe lililovunjwa na baruti na lililovunjwa na nanga yangu linakufa kifo kilekile. Yale matumbawe makubwa ya mviringo hukua kama sentimita 1 kwa mwaka. Lenye kimo cha mita 1 lilianza kabla babu yangu hajazaliwa. Ndani yake ndimo chewa na changu wanamokaa. Vyombo ishirini vikitia makucha ya nondo juu ya kichwa kimoja cha mwamba kila siku ya Mungu, tunabomoa nyumba ya samaki kisha tunakaa barazani kusema samaki wamehama. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, na wengi wetu bado tunazichukulia sheria za hifadhi kuwa ni mambo ya watalii. Mchanga uko kando ya mwamba, aghalabu hatua chache tu. Nanga itiwe hapo, kamba ndefu ikifikishe chombo kwenye samaki.

Na kama hapana budi kutia penye mawe, kuna hila ya zamani. Kamba au mnyororo ufungwe kwenye kitako cha nanga, upande wa makucha, kisha upitishwe juu ya shina na kufungwa kichwani kwa uzi mwembamba. Ikinasa, vuta kwa nguvu: uzi unakatika, na nanga inatoka kinyumenyume. Haigharimu kitu. Ila usiitumie pale unapolala usiku.

Sita: mashine na kudra

Mashine huzima kwa maji ndani ya petroli, kwa plagi iliyolowa, kwa kamba iliyojizungushia propela. Inazima hasa wakati bahari imechafuka, na wakati huo nanga ndiyo breki pekee iliyobaki. Na nanga hiyo ifungwe omoni. Wanaoifunga tezi kwa sababu ndiko walikoketi wanaelekeza sehemu ya chini kabisa ya chombo, yenye uzito wa mashine, kwenye mawimbi. Mawimbi matatu yanatosha kukijaza.

Ama kudra, mimi ni Mwislamu na ninaiamini. Ipo dhoruba isiyoshindwa na nanga yoyote. Aprili 1872 ilipoipiga Unguja, hata merikebu za Sultani Barghash ziliangamia bandarini. Lakini Mtume alimwagiza mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo atawakali. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu Mei 2024, tahadhari zilitolewa mapema, na watu wakaambiwa wabaki nchi kavu. Tahadhari huwatoa watu baharini. Vyombo vinabaki huko, na kinachovilinda ni kile kilichofungwa omoni siku zote kabla ya tangazo.

Anayelipa

Sasa nirudi kwa tajiri wangu. Kilikuwa kipindi cha kusi, tumelala nyuma ya mwamba kwa kamba ya pima 12 na nanga ya nondo. Zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeweka kiganja juu ya kamba kama nilivyofundishwa, kwa kuwa nanga iliyoshika hukaa kimya na nanga inayoburura hutetemesha kamba. Maji yalipokaribia kujaa, kamba ikaanza kutetemeka. Nikamwamsha nahodha. Akauliza, «Kamba imebaki kiasi gani?» Haikubaki. Mashine ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Tulipanda mwamba kwa tezi, mbao za upande mmoja zikafunguka, tukashikilia mlingoti hadi maji yalipopwa, tukashuka miguu imechanika. Wote saba tulirudi, na sijaacha kushukuru. Chombo hakikurudi, wala mashine.

Hesabu ya mgao ndiyo inayoeleza yaliyobaki. Petroli, barafu na chakula hutolewa kwanza, kisha kinachosalia hugawanywa kati ya chombo na watu. Mnyororo haumo katika hesabu hiyo. Unatoka mfukoni mwa tajiri, na hauleti samaki hata mmoja, kwa hiyo unaahirishwa msimu baada ya msimu. Lakini nanga ikiburura, anayekuwa ndani ya chombo ni baharia. Mwenye kuokoa fedha na mwenye kuhatarisha shingo ni watu wawili tofauti, na yule wa pili haulizwi. Itikadi ya kwamba mnyororo ni wa meli inampendeza tajiri kwa sababu inafanya uchoyo uonekane kama ujuzi wa bahari.

Tajiri, kabla kusi haijaanza, shuka ufukweni maji yakiwa yametoka. Nyoosha kamba yako yote mchangani uipime kwa mikono yako mwenyewe. Chukua kina cha maji yaliyojaa mahali chombo chako kinapolala, ongeza kimo cha omo, zidisha mara 5 kama una mnyororo na mara 7 kama huna. Kamba ikipungua hapo, usiwapeleke watu baharini mpaka uwe umeinunua.